Murray: Mwana wa mshonaji nguo aliyesaka asili ya maneno ya Kiingereza

KILA msimu wa uchaguzi unapobisha hodi, neno la Kiingereza 'candidate' hutamalaki kwenye kurasa za magazeti na vinywani mwa wapigakura. Wachache mno hufahamu kwamba neno hilo lilianza kama rangi ya vazi. Katika Roma ya kale, mtu aliyewania wadhifa wa umma alijitanda joho lililopakwa chaki ili ang'are kwa weupe mbele ya raia, na ni weupe huo, katika lugha ya Kilatini, uliompa jina lake.

Neno 'ambition' nalo lilitokana na mizunguko ya wawaniaji hao hao, waliotembea huku na huko wakimsalimu huyu na kumshika yule mkono kwa tamaa ya kura. 'Ballot' ilikuwa goroli ndogo iliyotumbukizwa ndani ya chombo kwa siri huko Italia. Mwanasiasa wa Kenya anayevaa shati jeupe na kuzunguka sokoni siku ya gulio anafuata nyayo kongwe kuliko anavyodhani.

Leo mwanafunzi yeyote anaweza kuyapata masimulizi hayo kwa kufungua kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford. Kwamba yamo humo, kila moja likiwa na miaka na ushahidi wake, ni matunda ya jasho la watu wengi, lakini la mmoja kuliko wote: James Murray, mwana wa mshonaji nguo wa kijijini huko Uskoti, aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 14.

Murray alizaliwa mnamo Februari 7, 1837 katika kijiji cha Denholm, karibu na mji wa Hawick, kusini mwa Uskoti. Wazazi wake hawakuwa na uwezo wa kumwendeleza kimasomo, lakini ufukara haukumzuia mvulana huyo kujisomea. Kila kitabu kilichomwangukia mkononi alikikamua hadi tone la mwisho. Inasimuliwa kwamba aliwahi kujaribu kuwafunza ng'ombe wa kijijini kuitika walipoitwa kwa Kilatini. Iwapo ng'ombe hao walifuzu, hakuna aliyetuachia habari.

Hata jina lake alilirefusha mwenyewe. Wazazi walimpa James pekee, na kwa kuwa eneo hilo lilijaa akina James Murray, akajiongezea Augustus na Henry alipokuwa kijana.

Akiwa na miaka 17 alikuwa tayari mwalimu msaidizi mjini Hawick, na alipotimiza miaka 20 akawa mwalimu mkuu. Mnamo 1862 alimwoa Maggie Scott, mwalimu wa muziki. Furaha ya nyumba hiyo haikudumu. Binti yao Anna alifariki akiwa mchanga, na mama mtu akashikwa na kifua kikuu. Madaktari walishauri ahamishwe kutoka kwenye baridi kali ya Uskoti. Murray akauacha ualimu alioupenda, akaenda London na kuajiriwa kama karani katika benki ya Chartered, ambayo miaka mingi baadaye ilikuja kuwa sehemu ya Standard Chartered. Kujitolea huko hakukumwokoa mkewe. Maggie alifariki mnamo 1865.

Maisha ya Murray yenyewe yalikuwa kama kurasa za kamusi aliyokuja kuihariri. Neno 'tailor', kazi ya babake, lina asili ya Kifaransa na maana yake ya kwanza ni mkataji. 'Clerk', kazi aliyoifanya London, hapo awali lilimaanisha mtu wa kanisa, kwa sababu enzi hizo makasisi ndio waliojua kusoma na kuandika, hivyo kila aliyeshika kalamu akaitwa kwa jina lao. Nayo 'bank' ilikuwa ubao au meza ndefu ya wabadilishaji fedha wa Italia.

Karani huyo hakuwa karani wa kawaida. Mnamo 1866 aliiandikia barua Makavazi ya Uingereza akiomba kazi, akaorodhesha lugha alizozifahamu kwa viwango mbalimbali: Kiitaliano, Kifaransa, Kihispania, Kikatalani, Kilatini, Kijerumani, Kiholanzi na Kidenishi, bila kusahau Kiingereza cha kale. Alidokeza pia kwamba alikuwa na ujuzi wa Kirusi, Kiebrania na Kisiria, na kwa kiwango kidogo Kiarabu. Kazi hiyo alinyimwa.

Mwaka uliofuata alimwoa Ada Ruthven, mwanamke aliyekuja kuwa nguzo ya kila alichokifanya, na pamoja wakajaliwa watoto 11. Mnamo 1870 alirejea darasani, safari hii katika shule ya Mill Hill, kaskazini mwa London. Miaka mitatu baadaye alichapisha utafiti kuhusu lahaja ya kusini mwa Uskoti. Kitabu hicho kilisisitiza jambo ambalo wengi wa wakati huo hawakutaka kulisikia: kwamba usemi wa wakulima na wachungaji haukuwa Kiingereza kilichoharibika, bali tawi lenye historia na kanuni zake. Mwandishi huyu anaamini kwamba hapo ndipo ilipo siri ya kamusi yake. Mtu aliyelelewa katika lahaja iliyobezwa hawezi kwa urahisi kuamini kwamba lugha ni mali ya mabwana wachache.

Wazo la kamusi hiyo halikuwa lake. Lilitolewa na wanachama wa Jumuiya ya Filolojia mjini London mnamo 1857. Kamusi maarufu zaidi wakati huo ilikuwa ya Samuel Johnson, iliyotoka 1755, na wasomi hao waliona haitoshi tena. Walitaka kitabu kitakachoeleza maisha ya kila neno: lilizaliwa lini, lilitoka wapi, lilibadilikaje, na kama limekufa, lilikufa lini. Mhariri wa kwanza, Herbert Coleridge, aliaga dunia mnamo 1861 akiwa na miaka 30 tu. Wa pili, Frederick Furnivall, alikuwa na ari tele na subira haba, na kazi ikazorota mikononi mwake.

Mnamo Machi 1, 1879 Murray alitia saini mkataba na wachapishaji wa Chuo Kikuu cha Oxford. Ilikubaliwa kwamba kamusi ingekamilika baada ya miaka 10. Bado alikuwa mwalimu, na alidhani angemudu kazi zote mbili.

Alichokirithi kutoka kwa Furnivall kilikuwa takriban tani mbili za vikaratasi. Vilifika vikiwa vimesongwa ndani ya magunia na masanduku. Katika gunia moja mlikuwa na mzoga wa panya, na katika jingine familia hai ya wanyama hao. Vikaratasi vya herufi H viligunduliwa nchini Italia, ilhali sehemu ya vile vya herufi P ilipatikana Ireland, baada ya vingine kutumiwa kuwashia moto. Fikiria msomi aliyeahidi kumaliza kitabu kwa miaka 10, kisha anaambiwa kwamba maneno yake yamegeuzwa kuni.

Murray alijenga kibanda cha mabati kwenye uwanja wa shule, akakitia vishubaka 1,029 vya kuhifadhia vikaratasi, na kukipa jina la heshima la Kilatini, Scriptorium, yaani chumba cha waandishi. Kisha akatoa wito kwa wasomaji wa Uingereza, Marekani na makoloni. Kila aliyependa alitakiwa kusoma vitabu, na kila alipokutana na neno lililotumiwa kwa namna ya kuvutia, alinakili sentensi nzima kwenye kikaratasi, akataja mwandishi, kitabu, mwaka na ukurasa, kisha akakituma kwa posta. Hakukuwa na malipo.

Walioitikia walikuwa walimu, makasisi, madaktari, akina mama wa nyumbani na wastaafu. Mmoja wao, Thomas Austin, alituma vikaratasi zaidi ya laki moja. Vilipofika, vilipangwa kwa alfabeti, halafu kwa maana, halafu kwa miaka, cha zamani zaidi kikitangulia. Ni baada ya hapo tu ambapo mhariri aliketi na kuandika maana. Watunzi wengi wa kamusi waliomtangulia walianza na maana waliyokuwa nayo kichwani, kisha wakatafuta mfano wa kuitetea. Murray alianza na mifano, akaiacha imwambie.

Ndiyo maana kamusi yake imejaa mambo ya kushangaza. 'Deer', ambalo leo ni paa au kulungu, hapo zamani lilikuwa jina la mnyama yeyote wa mwituni. 'Companion' ni mtu mnayekula naye mkate. 'Disaster' ilikuwa nyota mbaya, na kwa Mswahili anayezungumzia nyota ya jaha, fikira hiyo si ngeni hata kidogo. 'Journey' ni mwendo wa siku moja. 'Clue', fununu anayoisaka mpelelezi, ilikuwa donge la uzi, kwa kumbukumbu ya shujaa wa hekaya za Wagiriki aliyefungua uzi nyuma yake ili apate njia ya kutoka kwenye jengo la vichochoro. 'Pen' ni unyoya wa ndege. 'Pencil', ambayo kila mtu hudhani ni ndugu yake, haina uhusiano nayo wowote. Yenyewe ni mkia mdogo, maana hapo mwanzo ilikuwa brashi ya mchoraji.

Msomaji wa Kiswahili atakutana na jamaa zake humo. 'Coffee' ni ile ile kahawa ya Waarabu iliyopitia kwa Waturuki. 'Cipher' ni sifuri. 'Tariff', ushuru unaowakosesha usingizi wafanyabiashara wa mpakani, ni ndugu wa taarifa: ilikuwa tangazo la ada zinazotozwa. 'Admiral', mkuu wa majeshi ya majini, ni amiri. 'Alcohol' ina kisa cha ajabu zaidi, kwani kwa Kiarabu ilikuwa unga laini wa kupaka machoni, yaani wanja. Wanakemia wa Ulaya wakalitumia jina hilo kwa unga wowote laini, kisha kwa kiini cha kitu chochote kilichosafishwa, hadi likaishia kwenye chupa. Wapo Wakenya wanaokidharau Kiswahili kwa kuwa kimekopa kwa Waarabu, huku wakikienzi Kiingereza. Wangepitia juzuu moja tu ya Murray wangenyamaza.

Sehemu ya kwanza ya kamusi, kurasa 352, ilitoka Februari 1, 1884. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu mkataba utiwe saini, na ilikuwa imefika kwenye neno 'ant', yaani chungu au sisimizi. Mwendo wenyewe ulifanana na wa mdudu huyo.

Wakuu wa Oxford hawakufurahi. Walikuwa wamewekeza fedha na walitaka vitabu viuzwe. Benjamin Jowett, naibu chansela wa chuo hicho, alikuwa ameanza kuingilia maandishi ya Murray na kuyarekebisha, na mwalimu huyo wa shule akawa tayari kujiuzulu kuliko kukubali kazi yake ivurugwe na mtu asiyeifahamu. Malipo yake yalikuwa haba, na kutokana na malipo hayo hayo alitakiwa kuwalipa wasaidizi wake. Kwa maneno mengine, kila alipochelewa kwa ajili ya usahihi, mfuko wake ndio ulioumia. Hatimaye walielewana. Jowett akageuka rafiki wa dhati, hata mwana mmoja wa Murray akapewa jina la Jowett.

Mnamo 1885 familia ilihamia Oxford ili Murray aitumikie kamusi pekee. Katika bustani ya nyumba yao kwenye barabara ya Banbury palijengwa kibanda kingine cha mabati. Jirani mmoja, profesa wa chuo, aliteta kwamba kingemharibia mandhari, ikabidi kichimbiwe chini kiasi. Matokeo yake yalikuwa unyevu na baridi kali. Huko ndiko historia ya lugha ya dola kubwa kuliko zote za wakati huo ilikoandikwa, na watu waliovaa makoti mazito ndani ya chumba.

Barua zilimiminika kwa wingi hivi kwamba idara ya posta iliweka sanduku la barua mbele ya lango lake. Bahasha iliyoandikwa jina la Murray na mji wa Oxford tu ilimfikia. Watoto walipanga vikaratasi kwa alfabeti ili wapate senti za matumizi, na mabinti wawili, Elsie na Rosfrith, baadaye waliajiriwa rasmi katika kazi hiyo.

Miongoni mwa waliotuma vikaratasi bora zaidi alikuwa William Chester Minor, Mmarekani aliyeandika kutoka Crowthorne, Berkshire. Alikuwa daktari wa jeshi aliyepatwa na wazimu. Mnamo 1872, akisumbuliwa na njozi za watu waliomwandama usiku, alimpiga risasi na kumuua kibarua asiye na hatia, George Merrett, katika mtaa wa Lambeth jijini London. Mahakama ilimwona hana akili timamu, akafungiwa katika hifadhi ya Broadmoor. Humo alijaza vitabu na kuvisoma kwa mpangilio wa aina yake: aliorodhesha maneno ya kila kitabu, kisha akauliza Oxford ni maneno gani yanayohitajika kwa sasa, na kuyatuma.

Magazeti yalieneza hadithi kwamba Murray alikwenda kumzuru bwana huyo akidhani anakwenda kwenye jumba la tajiri, akashtuka kujikuta mbele ya wagonjwa wa akili. Hadithi ni tamu lakini si ya kweli. Murray alikuwa amekwisha kuijua hali yake kabla ya ziara ya kwanza mnamo 1891, na alikwenda akijua. Aliendelea kwenda kwa miaka mingi. Hatimaye Minor alirejeshwa Marekani mnamo 1910 kwa amri ya Winston Churchill, wakati huo akiwa waziri wa mambo ya ndani.

Kamusi haikukosa dosari. Vikaratasi vya neno 'bondmaid', yaani mjakazi, vilipotea, na juzuu ya herufi B ikatoka bila neno hilo. Lilisubiri hadi nyongeza ya 1933. 'Appendicitis', ugonjwa wa kidole tumbo, pia halikuwamo, kwa vile wakati huo lilikuwa neno geni lililojulikana na madaktari tu. Mnamo 1902 Mfalme Edward VII akapatwa na maradhi hayo hayo, kutawazwa kwake kukaahirishwa, na taifa zima likawa linalitamka neno ambalo kamusi yake kuu haikulijua.

Henry Bradley alikuwa amejiunga naye kama mhariri wa pili, na William Craigie akafuata kama wa tatu mnamo 1901. Kila mmoja alipewa herufi zake. Murray alihariri A hadi D, H hadi K, O na P, kisha T. Kwa jumla ni kurasa zaidi ya 7,000, karibu nusu ya kazi yote.

Mnamo 1908 alitunukiwa cheo cha 'knight' na kuitwa Sir James. Alikuwa amekwisha kuihariri herufi K, na hapana shaka alijua vyema kwamba katika Kiingereza cha kale neno hilo lilimaanisha mvulana au mtumishi kijana. Chuo Kikuu cha Oxford kilichukua muda mrefu zaidi. Mtu aliyelieneza jina la chuo hicho kote duniani hakupewa nafasi ya kudumu katika koleji yake yoyote, na shahada ya heshima alipewa mnamo 1914, alipokuwa na miaka 77.

Alitumaini kumaliza kamusi kabla ya kutimiza miaka 80. Hakujaliwa. Vita Vikuu vya Kwanza viliwapeleka wasaidizi wake vijana kwenye medani, naye akaendelea na herufi T huku afya ikidhoofika. Alifariki kutokana na ugonjwa wa mapafu mnamo Julai 26, 1915.

Kazi iliendelea bila yeye kwa miaka 13. Kamusi nzima ilikamilika mnamo 1928: juzuu 10, maneno 414,825 na nukuu zaidi ya milioni 1.8. Ile miaka 10 ya mkataba ilikuwa imegeuka 49. Na hata baada ya hapo haikufungwa, kwani tangu mwaka 2000 wahariri wa Oxford wamekuwa wakiirekebisha upya na kuichapisha kwenye intaneti.

Sanduku lile la barua bado lingali mbele ya nyumba ya Banbury. Murray mwenyewe alizikwa katika makaburi ya Wolvercote, nje kidogo ya Oxford, kando ya rafiki yake James Legge, Mskoti mwenzake aliyetumia maisha yake kuvitafsiri vitabu vya kale vya Wachina.